Mlango wa Uani: Shule, Vichujio na Tovuti za Proksi

Kichujio cha intaneti ni programu, au kifaa kilichobeba programu ya namna hiyo, kinachokaa kati ya kompyuta za shule na mtandao wa dunia, kikisoma kila ombi linalotoka na kuamua ama lipite ama lizuiwe. Tovuti ya proksi ni tovuti inayokubali kutumwa. Mwanafunzi aliyekatazwa ukurasa fulani hauombi ukurasa huo, bali anaiomba proksi, nayo proksi inakwenda kuuchukua kwa jina lake yenyewe na kumletea mezani, huku kichujio kilichokaa mlangoni kikiwa kimeona jambo moja tu, yaani mtoto anayezungumza na tovuti ngeni isiyo na rekodi yoyote mbaya. Maana ya asili ya proksi ni wakala, na kama ilivyo kwa wakala yeyote, awe wa viwanja, wa mizigo bandarini au wa mazao, kazi yake hufaa au hudhuru kulingana na yule anayemtumikia. Mjadala wa shule na proksi kwa kawaida huishia kwenye kile ambacho mtoto anakwenda kukiona, na ni nadra sana kufika kwa huyo aliyesimama katikati, ilhali yeye ndiye anayestahili kuogopwa kwanza.

Historia ya jambo hili inasomeka vizuri zaidi nchini Marekani, kwa kuwa huko sheria, fedha za umma na ubunifu wa vijana vilikutana ndani ya miaka michache. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliweka msingi wa mpango unaoitwa E-Rate, ambao unazipunguzia shule na maktaba gharama za intaneti kwa kiwango cha kati ya asilimia 20 na 90, shule za maeneo maskini zikipata punguzo kubwa zaidi. Sehemu nyingine ya sheria hiyohiyo ilijaribu kuharamisha maudhui yasiyo ya staha yanayoweza kuwafikia watoto mtandaoni, lakini Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivitengua vifungu hivyo mwaka 1997, kwa hoja kwamba viliubana pia uhuru wa watu wazima wa kusema na kusoma. Wabunge walipoona kwamba njia ya kumwadhibu mchapishaji imefungwa, waligeukia upande wa msomaji: tarehe 21 Desemba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Kuwalinda Watoto katika Intaneti, inayojulikana kwa herufi CIPA, ambayo haikumshitaki mtu bali ilifunga masharti kwenye fedha. Shule inayotaka punguzo la E-Rate kwa ajili ya intaneti sharti iwe na sera ya usalama wa mtandao, ifuatilie matumizi ya wanafunzi, na iweke kinga ya kiteknolojia, maana yake kichujio, inayozuia picha za aina tatu: picha chafu kwa mujibu wa sheria, picha za unyanyasaji wa watoto kingono, na picha zenye madhara kwa watoto. Chama cha maktaba cha nchi hiyo kiliipinga mahakamani, na tarehe 23 Juni 2003 majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba Bunge lina haki ya kuweka sharti hilo kwa anayepokea fedha zake.

Msomaji aizingatie orodha ile fupi ya mambo matatu, kwa sababu mengi yaliyofuata yanatokana na umbali kati ya kile kilichoagizwa na sheria na kile kilichofanywa na shule. Sheria ilitaja picha, tena za aina maalumu, lakini kichujio kikishanunuliwa na kufungwa huja na makundi kadha wa kadha ya tovuti yaliyopangwa tayari, na kufunga kundi zima la michezo, la mazungumzo, la muziki au la video ni kazi ya kuweka alama moja tu ya tiki. MySpace ilianza mwaka 2003, Facebook mwaka 2004 na YouTube mwaka 2005, na shule nyingi zilizifunga zote. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 410 dhidi ya 15 muswada wa kuzilazimisha shule zinazopokea punguzo kuzifunga tovuti za kijamii na za mazungumzo, na ingawa muswada huo ulifia kwenye Baraza la Seneti, hesabu ya kura zile inaonyesha hali ya hofu iliyotawala wakati ule. Kwa hiyo mtoto wa miaka 15 aliyefika shuleni asubuhi alikuta sehemu kubwa ya intaneti aliyoiacha nyumbani haipo, na hamu ya kuirudia ndiyo iliyozifanya tovuti za proksi kuwa biashara.

Proksi yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya utundu. Mwaka 1994 wataalamu waliokuwa wakijenga mtandao wa kurasa katika kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva walieleza namna seva moja, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, inavyoweza kukaa kwenye ukingo wa taasisi iliyojifungia ndani ya ukuta wa kinga, ikawachukulia watu wa ndani kurasa za nje na kuhifadhi nakala ili anayefuata asisubiri tena. Faida ya nakala hizo inaeleweka vyema Afrika Mashariki, ambako mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani mwaka 2009 mawasiliano mengi ya intaneti na nchi za nje yalipita kwenye setilaiti kwa bei kali, na chuo kilichoweka seva ya kuhifadhi kurasa kiliokoa fedha halisi kila ukurasa uliposomwa mara ya pili. Programu huria ya Squid, iliyotokana na kazi za utafiti za miaka ya 1990, ndiyo iliyoenea zaidi kwa kazi hiyo, na juu yake Mwingereza Daniel Barron alijenga DansGuardian, kichujio kinachosoma maneno ya ukurasa wenyewe badala ya kutegemea anwani tu, kikatumika katika shule nyingi zisizokuwa na uwezo wa kununua vichujio vya biashara. Maana yake ni kwamba kichujio cha shule mara nyingi nacho ni proksi, na mwanafunzi anapoitumia proksi ya nje anakuwa amewaweka mawakala wawili katika njia moja, mmoja wa mwalimu na mwingine wa mtu asiyemjua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 James Marshall alitoa programu ya CGIProxy, ambayo iliweza kuwekwa kwenye seva yoyote ya kawaida ya kukodi na kuigeuza kuwa proksi inayotumika ndani ya kivinjari, bila kubadilisha mpangilio wowote wa kompyuta ya mtumiaji, na katika muongo uliofuata zikaja PHProxy na Glype, ambazo zilikuwa nyepesi kiasi kwamba kijana mwenye ujuzi kidogo na fedha kidogo za kukodi seva aliweza kufungua tovuti yake jioni moja, akaijaza matangazo na kuanza kupata kipato kutokana na wenzake. Kazi ya programu hizi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo ulinzi wa kwanza ulimozaliwa. Mwanafunzi anaandika anwani anayoitaka kwenye kisanduku. Programu inauchukua ukurasa, kisha inapitia kila kiungo ndani yake na kukiandika upya ili mbofyo unaofuata nao upite kwa wakala yuleyule. Anwani halisi ikibaki wazi, kichujio kinachotafuta jina la tovuti iliyokatazwa kitaliona ndani ya mstari, hivyo programu inaificha. Njia moja, iitwayo ROT13, ni kusogeza kila herufi nafasi 13 mbele katika abjadi, na ndiyo maana herufi http, zinazoanza karibu kila anwani ya tovuti, zikageuka kuwa uggc. Njia nyingine, iitwayo Base64, huzigawa na kuzipanga upya biti za maandishi, na fundi anayesoma daftari la kichujio, yaani rekodi ya maombi yaliyopita, hukutana na mstari wenye sura hii: browse.php?u=aHR0cDovL, ukifuatiwa na msururu wa herufi usiosomeka.

Mstari huo hausomeki kwa macho, lakini una alama ya kuzaliwa. Kwa kuwa anwani karibu zote huanza na herufi zilezile nne, na Base64 hubadilisha maandishi kwa kanuni isiyoyumba, anwani zote zilizofichwa namna hiyo huanza na aHR0c, iwe zinaelekea kwenye mchezo, kwenye uchafu au kwenye shairi. Fundi mwangalifu aliyegundua jambo hilo hakuwa na haja ya kujua majina ya proksi elfu moja; aliandika kanuni moja iliyosema kwamba ombi lolote lenye aHR0c au uggc baada ya alama ya ulizo lizuiwe, na kwa kanuni hiyo akazinasa proksi zilizofunguliwa jana na zitakazofunguliwa kesho. Hapa pana tofauti ambayo msimamizi yeyote wa mtandao wa shule anapaswa kuishika, kati ya kuzuia jina na kuzuia tabia. Jina hubadilishwa kwa ada ndogo ya kusajili kikoa kipya, ilhali kubadilisha tabia kunahitaji programu kuandikwa upya.

Udhaifu wa orodha za majina ulidhihirishwa mapema na Bennett Haselton, aliyeanzisha kikundi cha Peacefire mwaka 1996 akiwa bado mwanafunzi, kwa lengo la kutetea haki ya vijana ya kusoma mtandaoni. Mwaka 2003 alitoa programu ya Circumventor, ambayo mtu aliiweka kwenye kompyuta ya nyumbani kwake ikamgeuzia kompyuta hiyo kuwa proksi ya binafsi, kiasi kwamba mwanafunzi aliyeiwasha usiku aliweza kuitumia shuleni siku iliyofuata kupitia anwani ambayo hakuna kampuni ya vichujio iliyowahi kuisikia. Mwaka 2006 maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilitoa Psiphon kwa fikra iliyokaribiana na hiyo, safari hii ikimlenga raia wa nchi inayobana habari, ambaye ndugu au rafiki yake aliyeko nchi huru angemfungulia njia. Mwandishi mwenye haki hawezi kuyapita mambo haya kana kwamba chombo kile ni cha uovu kwa asili yake. Waganda wanajua: tarehe 1 Julai 2018, serikali yao ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, watu wazima wengi, wakiwamo wazazi wa wanafunzi, walijifunza kwa mara ya kwanza kutumia VPN, mtandao binafsi utakaoelezwa hapa chini, ili kuikwepa kodi hiyo. Mwanafunzi anayekwepa kichujio pengine amefundishwa ujuzi huo sebuleni kwao, na mwalimu anayemkabili kama mhalifu atakuwa amekosea mahali pa kuanzia.

Kanuni ya kutambua tabia ilitumika vizuri kwa miaka kadhaa, kisha ikapoteza nguvu kwa sababu ambayo yenyewe ni ya heri. Mawasiliano ya kivinjari na tovuti, ambayo zamani yalisafiri wazi kama kadi ya posta, yalianza kusafiri ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa itifaki iitwayo HTTPS, yenye usimbaji fiche, yaani ubadilishaji wa maandishi kuwa fumbo linalofunguliwa na mwenye ufunguo pekee. Cheti kinachoiwezesha tovuti kutumia bahasha hiyo kwa kawaida kilinunuliwa, mpaka mwishoni mwa mwaka 2015 huduma ya Let's Encrypt ilipoanza kukitoa bure kwa umma, na tangu hapo hata proksi ya kijana wa sekondari ikaweza kufunga barua zake kama benki. Kichujio hakioni tena ule msururu unaoanza na aHR0c. Kinachobaki wazi ni jina lililoandikwa juu ya bahasha, kwa kuwa kivinjari, kabla ya kufunga mazungumzo, hutaja kwa kawaida tovuti kinayoitaka ili seva moja yenye tovuti nyingi ijue imeitwa kwa jina gani. Na juhudi za kulificha jina hilo nalo zimekwisha kuanza kuingia kwenye vivinjari.

Shule inayotaka kusoma ndani ya bahasha ina njia moja, nayo ni nzito. Inaweka kwenye kila kompyuta yake cheti chake yenyewe kinachosema kwamba kichujio kinaaminika, kisha kichujio kinafungua kila barua, kinaisoma, kinaifunga upya na kuipeleka mbele. Kwa kufanya hivyo kanuni za zamani zinafufuka na proksi zinaonekana tena, lakini zinaonekana pia nywila za barua pepe, ujumbe wa mtoto kwa mshauri nasaha, na swali aliloliuliza kuhusu ugonjwa wa mama yake. Pale njia hii inapotumika, tovuti za benki, za afya na za msaada kwa watoto zinapaswa kuondolewa kwenye ukaguzi tangu siku ya kwanza, wazazi wafahamishwe kwa maandishi, na mtu mwenye ruhusa ya kusoma daftari la kichujio ajulikane kwa jina. Shule isiyoweza kutimiza masharti hayo ni bora isifungue bahasha za watoto.

Uchujaji wa majina nao unahitaji maelezo mafupi. Kila kompyuta, kabla ya kufika kwenye tovuti, huuliza huduma ya majina, inayoitwa DNS, anwani ya nambari ya tovuti hiyo, na shule nyingi hufanya uchujaji wao hapo kwa sababu ni rahisi na ni nafuu: jina likiwa limekatazwa, jibu halitolewi. Oktoba 2018 kilichapishwa kiwango kinachoruhusu kivinjari kuuliza swali hilo ndani ya bahasha ya HTTPS kwa mtoa huduma wa mbali, na mwaka 2020 Firefox ilianza kuutumia utaratibu huo bila kuombwa kwa watumiaji wa Marekani. Mozilla, wenye kivinjari hicho, waliacha mlango wa heshima: mtandao unaochuja unaweza kukataa kulijibu jina use-application-dns.net, na Firefox ikikosa jibu la jina hilo huurudia utaratibu wa kawaida, mradi mtumiaji hajauwasha utaratibu mpya kwa mkono wake mwenyewe. Kanuni hiyo ya mstari mmoja haigharimu senti.

VPN, mtandao binafsi unaopita ndani ya mtandao wa umma, ni ndugu mkubwa wa proksi, kwa kuwa hauchukui ukurasa mmoja tu bali unayafungia mawasiliano yote ya kompyuta katika handaki moja hadi kwa mwenye huduma. Aina zake nyingi zina milango yake ya kawaida, kama vile mlango namba 1194 kwa OpenVPN na 51820 kwa WireGuard, na shule inayoruhusu milango ya kurasa pekee huzizima bila shida, isipokuwa zile zinazojipenyeza kwenye mlango namba 443, ambao ni wa HTTPS yenyewe na hauwezi kufungwa bila kuifunga intaneti yote. Hapo dawa haiko tena mlangoni. Iko kwenye kompyuta yenyewe, katika swali la nani ana ruhusa ya kuweka programu na viendelezi vya kivinjari, na jambo hilo litarudiwa hapa chini.

Turudi sasa kwa wakala. Kila kinachopita kwenye tovuti ya proksi kinapita kikiwa wazi mbele ya mwenye tovuti hiyo, hata kama kivinjari kinaonyesha alama ya kufuli, kwa kuwa bahasha inayofungwa na kivinjari inafunguliwa kwa proksi, siyo kwa tovuti ya mwisho. Binti anayeingia kwenye akaunti yake ya barua pepe kupitia proksi aliyopewa na mwenzake amemwandikia mtu asiyemjua jina lake na nywila yake kwa mkono wake mwenyewe, na mtu huyo anaweza kuvihifadhi, kuvitumia au kuviuza, na anaweza pia kuongeza kwenye ukurasa kitu ambacho mwenye ukurasa hakukiweka. Kugharamia seva na upana wa mawasiliano si jambo la bure, hivyo huduma isiyotozwa fedha inalipwa kwa njia nyingine. Mwaka 2015 ilijulikana wazi kwamba Hola, huduma ya bure iliyopendwa mno kwa kuruka vizuizi, ilikuwa ikiuza upenyo wa intaneti wa watumiaji wake kupitia kampuni dada ya Luminati, kiasi kwamba maombi ya watu wengine yalisafiri mtandaoni yakiwa yamebeba anwani ya mtumiaji ambaye hakuwa na habari. Onavo, VPN ambayo Facebook iliinunua mwaka 2013, iliondolewa kwenye duka la programu la Apple mwaka 2018 kwa sababu ya kukusanya taarifa za matumizi ya simu za watu. Hizi zilikuwa kampuni zenye ofisi na mawakili. Tovuti ya proksi iliyofunguliwa juzi chini ya jina la kubuni haina hata hicho. Kwa sababu hii, na si kwa sababu ya mchezo wa mpira anaoutafuta kijana wakati wa kipindi cha jiografia, shule ina wajibu wa kuzifunga proksi na kuwaeleza wanafunzi sababu hasa, kwa maneno wanayoyaelewa.

Wajibu huo hautimizwi kwa kukaza kila kitu. Utafiti wa Kaiser Family Foundation uliotolewa Desemba 2002 ulivipima vichujio vilivyotumika shuleni na maktabani kwa viwango vitatu vya ukali. Kwa kiwango cha chini kabisa, vichujio vilizuia kwa wastani asilimia 87 ya tovuti za ngono na asilimia 1.4 tu ya tovuti za afya. Kwa kiwango cha juu kabisa, tovuti za ngono zilizozuiwa zilipanda hadi asilimia 91, na za afya hadi asilimia 24. Mtu azipime namba hizo taratibu: kwa kupata alama 4 za ulinzi, shule ililipa karibu robo ya maarifa ya afya, maarifa ambayo kijana wa kidato cha tatu anayahitaji na mara nyingi hana mtu mwingine wa kumuuliza. Kila ukurasa wa haki uliofungwa kimakosa humpa mwanafunzi mwadilifu sababu ya kwanza ya kutafuta proksi, na akishaijua njia haiachi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kosa hili lina sura yake. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walikataliwa kufungua akaunti za kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu programu ililiona tusi katikati ya jina la mji wao. Kichujio cha namna hiyo, kinachotafuta msururu wa herufi bila kujali lugha wala mipaka ya neno, kikikutana na ukurasa wa Kiswahili kitaliona tusi zito la Kiingereza katika herufi nne za mwanzo za neno shitaka, hivyo kurasa kuhusu hati ya mashitaka, haki ya mshitakiwa na mshituko wa umeme zitaangukia mikononi mwake, yaani somo la uraia na la huduma ya kwanza kwa pamoja, wakati matusi halisi ya Kiswahili yanapita yakiwa yamenyoosha shingo kwa kuwa aliyetunga orodha hakuyajua. Shule ya Morogoro au ya Nyeri inayonunua kichujio kilichotengenezwa ng'ambo inapaswa kukijaribu kwa maneno ya lugha yake kabla ya kulipa, na kazi hiyo haihitaji mtaalamu, inahitaji mwalimu wa Kiswahili na saa moja.

Baada ya hapo kazi ya kuzuia proksi huwa ya utulivu na ya kila wiki. Kundi la tovuti za kukwepa vizuizi linafungwa kwenye kichujio, pamoja na vikoa vilivyosajiliwa siku chache zilizopita, kwa kuwa proksi nyingi huishi maisha mafupi na hufa kabla ya kikoa kuzeeka. Tovuti zisizo na kundi lolote zinahitaji busara zaidi, maana huku kwetu tovuti ya halmashauri au ya gazeti dogo inaweza isiwe imepangwa popote na kampuni ya ng'ambo. Kompyuta za maabara zinapewa akaunti ya mwanafunzi isiyoweza kuweka programu wala viendelezi wala kubadilisha mpangilio wa mtandao, na hili ndilo pengo linaloonekana mapema zaidi kwa mgeni anayeingia maabara ya kompyuta ya shule: mashine thelathini, akaunti moja ya msimamizi, na nywila iliyobandikwa ukutani. Kichujio cha gharama yoyote kinashindwa na karatasi ile. Daftari la kichujio nalo lisomwe, na mwenye kulisoma asitafute majina ya watoto kwanza bali atafute umbo: tovuti isiyojulikana inayopokea mawasiliano makubwa kutoka mashine nyingi katika kipindi kimoja huwa ni proksi mara nyingi, na kuifunga kunachukua dakika moja.

Sheria ya Marekani iliongezewa sharti mwaka 2008, kwamba shule iwafundishe wanafunzi mwenendo unaofaa mtandaoni, ikiwamo katika mitandao ya kijamii na kuhusu uonevu wa mtandaoni, na sharti hilo lina uzito zaidi katika nchi ambazo bando la simu liko nje ya kichujio chochote. Wanafunzi wa sekondari Tanzania na Kenya kwa kawaida hawaruhusiwi simu shuleni, lakini mmoja akiwa nayo mfukoni humrushia mwenzake intaneti chini ya dawati, na mawasiliano hayo hayapiti mlangoni hata kidogo.

Linabaki jambo la fomu. Kichujio kinapozuia ukurasa huonyesha tangazo, na chini ya tangazo hilo panapaswa kuwepo kisanduku ambamo mwanafunzi au mwalimu anaandika sababu ya kuuhitaji ukurasa huo na kuituma kwa msimamizi. Kipindi kina dakika 40. Ombi linalojibiwa ndani ya dakika 10 linamrudisha mwanafunzi kwenye kazi yake ya uraia. Ombi linalojibiwa baada ya siku tatu limejibiwa kipindi kikiwa kimekwisha, na ndani ya siku hizo tatu anwani ya proksi, iliyoandikwa kwa penseli kwenye jalada la ndani la daftari, imekwisha kulizunguka darasa zima.